Ingekuwa je kama wangemsikia Mzee wa Burhale?

Mazungumzo na vijana, Walungu-centre, tarehe 29 Oktoba 2024. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

 Asinge wazee wetu mliokubali kuketi nyuma na kuwaachia vijana viti vya mbele. Kwetu haizoeleki hivyo, na tunawashukuru.

Tulipotangaza mazungumzo haya kwenye WhatsApp, mtu mmoja aliandika: "Tena historia? Siye tunataka kazi na barabara." Ana haki. Nimetoka Bukavu asubuhi kwa moto, na toka Mugogo mpaka hapa nilikuwa ninasali kuliko siku ya Mungu. Lakini huyo ndugu jioni, akikaa mbele ya kasiksi, anaongea historia kuliko mwalimu. Wote tunaongea. "Kama habakumuuaka Lumumba, leo inchi ingekuwa mbali." "Kama Mobutu aliachaka mapema." "Kama bale bakimbizi habakuvukaka Ruzizi." Kila kartie iko na profesa wake wa "kama".

Mimi sikatai "kama". Ila nimeona kwamba "kama" nyingi zetu ni za kulala. Unasema kama Lumumba angeishi, unatikisa kichwa, unamwaga kidogo chini kwa ajili ya mababu, na kesho hakuna kilichobadilika, maana wewe si Lumumba. Leo ninataka tujaribu "kama" ya namna ingine. Tutafute saa ambapo njia zilikuwa mbili kweli, mtu alikuwa ameisha kuonya, na aliyeonywa alikuwa na uwezo wa kufanya. Ndipo hesabu inaanza.

Tuanze na Lumumba haraka, kwa sababu mkisikia jina lake mnataka tubaki huko mpaka jioni. Watu wengi hapa hawajui kwamba Bukavu ilikuwa ndani ya mchezo ule. Mwisho wa Desemba 1960, Lumumba akiwa kifungoni, askari wa upande wa Gizenga walitoka Stanleyville, wakaja Bukavu, wakamkamata Jean Miruho aliyekuwa anaongoza jimbo la Kivu, na Anicet Kashamura akashika madaraka. Mobutu alituma askari kuurudisha mji. Walipitia wapi? Walipitia Ruanda-Urundi, ambayo bado ilikuwa mkononi mwa Wabelgiji. Tarehe 1 Januari 1961 walijaribu kuingia Bukavu kutoka ng'ambo, wakashindwa. Siku kumi na sita baadaye Lumumba aliuawa Katanga.

Basi tukisema leo kwamba vita hutokea ng'ambo ya Ruzizi, ni kweli, lakini tukumbuke kwamba wa kwanza kupita njia ile baada ya uhuru alikuwa mkubwa wa jeshi letu wenyewe. Nafunga hapo.

"Kama" ya pili ni Konferansi ya Taifa, ile tunaita CNS. Wazee walio nyuma wanaikumbuka, ninaona vichwa vinatikisika. Ilianza Agosti 1991. Januari 1992 serikali ikaifunga. Tarehe 16 Februari Wakristo walitembea Kinshasa wakidai ifunguliwe, askari wakawapiga risasi. Ikafunguliwa, na Agosti 1992 ikamchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu. Mobutu hakukubali kuachia benki wala jeshi. Mwisho wa mwaka ule akatoa noti ya zaïre milioni tano, Tshisekedi akaikataa, wafanyabiashara wakaikataa pia. Askari walikuwa wamelipwa kwa noti ile ile, na Januari 1993 waliingia barabarani Kinshasa na bunduki, wakapora na kuua.

Ninasimamisha gari hapa kidogo. Ingekuwa je kama CNS ingefika kwenye uchaguzi? Sisemi tungekuwa paradiso. Ninasema kitu kidogo: Julai 1994, wakati zaidi ya watu milioni moja walipovuka mpaka kutoka Rwanda, tungekuwa na serikali inayojua kwamba itarudi mbele ya wapiga kura. Tulikuwa na Mobutu ambaye dunia ilikuwa imeisha kumpa mgongo, na ghafla wakimbizi wakawa paspoti yake. Wazungu waliokuwa hawamtaki walirudi kumpigia telefoni. Mtu ambaye shida yako inampa kiti hana haraka ya kuimaliza shida yako. Na askari? Wale wale wasiolipwa, ndio waliopewa mpaka wa kulinda.

Sasa tufike kwa Mzee.

Leo ni miaka 28. Tarehe 29 Oktoba 1996, jioni, Bukavu, pale Nyawera, Monsinyori Christophe Munzihirwa aliuawa. Ninyi wa Burhale hamhitaji nimweleze, alizaliwa kwenu Lukumbo mwaka 1926. Lakini vijana wa mjini wanaotusoma wanajua jina la barabara na sanamu, basi. Alikuwa padri toka 1958, halafu akaingia kwa Wajezwiti. Mwaka 1971 Mobutu alipowakasirikia wanafunzi wa chuo kikuu Kinshasa na kuwaingiza jeshini kwa nguvu, Munzihirwa, ambaye alikuwa akiwahudumia, aliomba naye aandikwe jeshini pamoja nao. Fikiri kidogo: padri wa miaka 45 anaomba kuvaa buti kusudi vijana wasiende peke yao. Baadaye alikuwa askofu wa Kasongo, na mwaka 1994 akawekwa Bukavu. Wiki chache baadaye mauaji ya kimbari yakaanza Rwanda, na Julai watu wakamiminika.

Karibu laki tatu walikuja upande wetu, Kivu ya Kusini. Walilala barabarani, kwenye viwanja vya mashule, kisha kambi zikajengwa, kubwa zaidi INERA na Kashusha upande wa Kabare. Wengi walikuwa wamama na watoto. Ila ndani yao kulikuwa askari wa jeshi lililoshindwa na Interahamwe, watu waliotoka kuua. Askari wa jeshi lile walikuwa na kambi yao pale Panzi, mguu na njia kutoka mjini.

Je, wakati ule mtu yeyote alijua cha kufanya? Hii ndiyo inaniuma. Walijua. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa 1969 juu ya wakimbizi unasema waziwazi kwamba kwa usalama, nchi inayopokea iwaweke wakimbizi mbali ya kutosha na mpaka wa nchi waliyotoka. Kinshasa ilikuwa imeutia mkono. Kambi zetu zilikaa ambapo usiku unaona taa za Rwanda. Umoja wa Mataifa nao ulijua kwamba lazima wenye silaha watengwe na raia. Boutros-Ghali aliomba nchi zilete askari kwa kazi hiyo. Januari 1995 akatoa jibu: katika nchi zote alizobishia mlango, moja tu ndiyo iliyokubali rasmi. Moja. Kwa hiyo HCR ikakodi askari 1500 wa Mobutu walinde kambi. Walileta utulivu kidogo, wengine wanasema hivyo, na sitabisha. Lakini kutenga bunduki na mtoto haikuwa kazi yao, na haikufanyika.

Na Munzihirwa alikuwa anaandika. Barua moja, barua mbili, barua nyingi. Aliwaandikia wakubwa wa dunia kwamba wakimbizi lazima warudi kwao kwa heshima na usalama, kwamba hatia ni ya mtu si ya kabila, kwamba silaha zinazoingia Kivu zitatuua sisi. Aliwagombeza askari wetu wenyewe waliokuwa wakipora. Kuna wanaosema alitazama maumivu ya kambi kuliko maumivu ya waliookoka Kigali. Someni barua zake, halafu mseme. Mimi nimezisoma na ninaona mzee ambaye aliona bonde linajaa maji, akapiga kelele pande zote, na kila upande ukasema anapigia upande wa pili.

Turudi kwa "kama" yetu. Kama mwaka 1994 au 1995 wenye silaha wangetengwa, na kambi zikasogezwa mbali na mpaka, vita ya 1996 haingekuja?

Rafiki yangu mmoja, tunabishana naye kila mara, anasema ingekuja tu. Kigali ilikuwa imejitayarisha, Mobutu alikuwa mgonjwa Ulaya, madini yako pale pale. Huenda. Sina dawa ya kumshinda. Lakini ninamjibu hivi: kisingizio si kitu kidogo. Mwaka 1996 dunia ilinyamaza kwa sababu kulikuwa kambi zenye wauaji ndani, na kila mtu alijua. Ukitoa kambi zile, anayevuka mpaka anavuka uchi. Lazima ajieleze.

Na kuna sehemu ingine ya hesabu ambayo si Kigali wala New York. Tuguse kidonda chetu. Mwanzo wa Oktoba 1996, naibu gavana wa Kivu ya Kusini alitangaza kwamba Wanyamulenge wako na wiki moja kuondoka. Wiki moja! Watu waliozaliwa hapa, wazee, wamama wajawazito. Hakuna aliyemtuma kutoka ng'ambo kusema vile. Aliyekuwa anatafuta sababu ya kuvuka akaipokea kwenye sahani, ikiwa na moto bado. Nimesikia vijana wenzangu, hata ndani ya harakati yetu, wanaongea leo maneno ya namna ile kwenye Facebook na kuona ni uzalendo. Ndugu zangu, hapana. Unaweza kumkataa anayekushambulia bila kumfukuza jirani ya miaka yote. Munzihirwa aliweza, na alikuwa na sababu nyingi za kukasirika kuliko sisi.

Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa waliuawa vitandani. Daktari mkuu wake, Denis Mukwege, ambaye baba yake ni wa kwetu hapa Kaziba, aliponea kidogo. Mwisho wa mwezi Bukavu ikaanguka. Askari waliotakiwa kuilinda walipora wakakimbia, na gavana alikuwa ameisha kuondoka. Aliyebaki kuwaambia watu wasipoteze roho alikuwa askofu. Walisimamisha gari yake Nyawera, akashuka na msalaba mkononi. Ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa inawataja askari wa AFDL/APR. Mwili wake ulilala barabarani mpaka kesho yake.

Novemba 15 Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1080, kikosi cha kimataifa kiongozwe na Kanada kuja kuokoa wakimbizi. Siku zile zile watu mamia ya maelfu walianza kurudi Rwanda kutoka upande wa Goma, basi dunia ikapumua, ikasema mambo yameisha. Desemba kikosi kikavunjwa kabla hakijafanya lolote. Na wale wa upande wetu, ambao hawakurudi? Walipita hapa. Walipita Walungu kwenda Mwenga na Shabunda, wagonjwa, na watoto mgongoni, na ndani yao wale wale wenye silaha ambao hakuna aliyewatenga. Wengi walifia msituni au waliuawa. Wenye bunduki hawakufa wote.

Sasa mnaona ninapokwenda. Wenye bunduki walibaki msituni. Baadaye wakajiita FDLR. Na Walungu ikawa shamba lao la usiku. Kaniola, Ninja, ninyi mnajua. Miaka ya 2000 watu wa Kaniola hawakulala nyumbani, walilala migombani. Koko yangu, mama ya baba, alikuwa na godoro mbili: moja ya nyumbani ambayo haikuchakaa, na mkeka mmoja wa migombani ambao ulioza. Alisemaga "godoro langu la pili" na tulicheka, tulikuwa watoto. Wamama walichukuliwa kwenda msituni. Wengine walirudi kupitia Panzi, kwa hospitali ya Mukwege. Panzi ile ile ya kambi ya 1994. Sijui kama mtu aliyeichagua sehemu alifikiria hilo.

Njoo hapa, wewe profesa wa "kama". Barua iliyowekwa kwenye droo mwaka 1995, mpaka mkeka wa koko Kaniola, kuna njia moja, unaweza kuifuata kwa kidole. Si laana ya Kongo, wala si mapenzi ya Mungu. Kila kona kulikuwa mtu na ofisi na tarehe.

Na imeendelea. Ripoti ya Mapping ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010, matukio 617 kutoka 1993 mpaka 2003, jinai za pande zote. Inapendekeza mahakama. Mukwege alipopokea Nobel Oslo mwaka 2018, aliitumia saa ile kuikumbusha dunia ripoti hii inayooza kwenye droo. Ingekuwa je kama mahakama ingeanza 2011? Wangapi kati ya wakubwa wa vita tunaowasikia leo kwenye redio wangekuwa gerezani badala ya kwenye mazungumzo? Hii "kama" bado haijafungwa, ndugu zangu. Inaweza kufanywa hata kesho.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi yenu hamtalipenda, na mtaniuliza mkipenda.

Vita iko Masisi. Waliokimbia wamejaa mpaka Minova, ambayo ni Kivu ya Kusini, ni jimbo letu. Bukavu watu wanasema "haitafika huku". Sijui. Oktoba 1996 pia walisema. Na ndani ya woga huo tumefungua mlango mmoja: vijana wanapewa bunduki. Tunawaita Wazalendo, tunawapigia makofi wakipita. Wengine wenu hapa ndani mko na kaka huko. Simtukani anayelinda kijiji chake wakati serikali imelala, nisieleweke vibaya. Baba yangu mwenyewe alilinda kijiji kwa panga na filimbi. Ninauliza tu swali lile Munzihirwa aliuliza: siku itakapoisha, nani atatenga bunduki na mtoto? Daftari la silaha hizo liko kwa nani? Programu ya kuwarudisha vijana nyumbani ipo kwa karatasi, inaitwa P-DDRCS, toka 2021. Nani hapa Walungu amemwona kijana mmoja aliyepitia humo na akapata cherehani au mbegu? Inueni mkono.

Ninaona mkono mmoja. Aksanti, tutakusikiliza, njoo mbele baadaye.

Na wiki jana, Kisangani, Rais alisema tume itaundwa kutazama upya katiba. Wengine watasema ni mambo ya Kinshasa. Noti ya milioni tano ilikuwa pia mambo ya Kinshasa.

Kwa hiyo harakati inaomba nini? Si kubwa. Kila komite, ya Burhale, ya Kaniola, ya Mugogo, ya Kaziba, ya Nyangezi, ichague watu wawili wanaojua kuandika vizuri. Wakae na wazee, waandike: mwaka 1994 nani alipita hapa, 1996 nani alionya, chifu alifanya nini, padri alifanya nini, askari walifanya nini, sisi tulifanya nini. Hata yale ya aibu. Majina ya waliouawa yaandikwe na familia zenyewe, kama zinataka, na yasiwekwe kwenye intaneti bila ruhusa yao, hilo ni sharti. Upande wa pili wa daftari andikeni maonyo ya leo: nani anaonya nini, ameandikia ofisi gani, tarehe gani, amejibiwa nini. Barua zote zitapelekwa na nakala zitabaki. Kila mwezi tutasoma kwa sauti mbele ya watu barua ambazo hazikujibiwa, na jina la ofisi. Wakitukamata kwa kusoma barua, basi watukamate, tumezoea.

Jumamosi tunaanzia Burhale, saa tatu asubuhi, karibu na parokia. Mje na daftari na kalamu zenu, harakati haina pesa ya kalamu.

Sasa maswali. Tuanze na wamama wa Kaniola waliokaa pale mlangoni, kwa sababu watarudi kwa mguu na wanataka kufika kabla ya giza.